Boya la Kushoto

Karakana, 3 Februari

Mpwa wangu rubani,

Marahaba. Naitikia mapema kabisa, maana najua shikamoo utaisahau. Huku wazima. Mama yako goti linamsumbua akipanda ngazi, akishuka halimsumbui, kwa hiyo nimemshauri awe anashuka tu. Cherehani yake imerudi kutoka kwa fundi na sasa nyumba nzima ina mapazia mapya, mpaka dirisha la stoo. Macho yake hayataki tena maandishi madogo, basi barua zako namsomea mimi kwa sauti. Ukiwa na la kwetu wawili, liweke kwenye karatasi ya pili, nami nitajua pa kukomea.

Haya, sasa la kazi. Mafundi waliokuja huko kubandika ile ngozi yangu kwenye maboya ya ndege yako wamerudi juzi, wanasema imekaa vizuri. Wewe unajua kuliko mimi jinsi ndege ya majini inavyoteseka kuondoka. Yale maboya mawili yamelala kama mitumbwi, maji yanayang'ang'ania, injini inalia mpaka unaionea huruma. Sasa sikiliza. Kuna gugu linaelea kwenye mabwawa, jani lake limejaa vinywele. Lizamishe kwenye bilauri: linang'aa kama fedha, maana limeshuka na hewa yake. Litoe: kavu kabisa! Maji hayakuligusa, yaligusa hewa. Miaka minne nimekuwa nikiviiga vinywele vile, mpaka vijana wa karakana wananiita Bwana Magugu.

Katika bwawa letu la majaribio, boya lenye ngozi hiyo linavutika kwa nguvu pungufu robo nzima. Robo, mwanangu! Mkurugenzi ameshaalika wageni wanaoitaka kwa ndege zao. Watakuja mwezi wa nne. Ndege yako ndiyo ya kwanza kuivaa. Niandikie unavyoiona. Simu huko haishiki, najua, na redio ya kituo kila mwenye masikio anaisikiliza, kwa hiyo tuitegemee boti ya mizigo na uvivu wake.

Mama anasema ule.

Mjomba wako


Kituoni, 19 Februari

Shikamoo mjomba. Umeona? Sikusahau.

Mimi mzima, nakula, mwambie mama hivyo hivyo. Kituo ni kile kile: nyumba mbili, chumba cha redio, gati la mbao na paka asiye na mwenyewe. Muuguzi wetu amenyoa nywele zote kwa ajili ya joto na sasa wagonjwa wanamwita "kaka". Mzee wa mafuta bado yupo. Ukimwambia mafuta yanamwagika anaapa hata tone halidondoki, huku mpira wa mafuta unachuruzika mbele ya macho yetu, ndiyo maana tunamwita Mzee Tone. Pale gatini ndege hukaa ubavu wake wa kushoto ukielekea gati, naye akimaliza kazi maji ya upande huo yana rangi zote za upinde wa mvua.

Ngozi yako, mjomba, ni kitu kingine. Unajua ghuba yetu ilivyo fupi, na ule mwamba unaokungoja mwisho. Zamani nilikuwa nikihesabu toka ninaposukuma injini mpaka maji yanapotuachia: thelathini na nane, wakati mwingine arobaini, mate yamenikauka. Sasa ishirini na sita! Wiki iliyopita nimebeba machela, mgonjwa, muuguzi na masanduku mawili ya dawa kwa safari moja. Muuguzi alipiga makofi.

Karatasi ya pili

Kuna rubani mwenzangu ameniuliza swali, nami sikuwa na jibu. Anataka kujua kama hewa ile hukaa sawasawa kwenye maboya yote mawili, au inaweza kuondoka upande mmoja kwanza. Ni udadisi wake tu. Nijibu ukipata nafasi.

Mpwa wako


Karakana, 6 Machi

Mpwa wangu,

Marahaba. Mama yako amefurahi sana na habari ya muuguzi kunyoa, amecheka mpaka akasahau goti. Anakushonea shuka. Nimemwambia kituoni kuna shuka, akaniuliza kama nimewahi kuziona.

Karakana tuko katika heka heka ya wageni. Kuta zinapakwa rangi, sakafu inasuguliwa, hata mimi nimeambiwa nivae koti jipya. Mkurugenzi anatembea huku anajisemea hotuba yake.

Karatasi ya pili

Mwambie rubani mwenzako kwamba swali lake ni zuri. Hewa hukaa. Bwawani imekaa siku kumi na moja bila kutikisika. Basi asiwe na wasiwasi.

Jambo moja dogo. Mwambie Mzee Tone ayasuuze maboya kila asubuhi. Ni kwa ajili ya unadhifu tu, wageni wakitaka picha. Na kama inawezekana ndege igeuzwe mara moja moja, isitiwe mafuta upande ule ule daima. Ni urembo tu, mwanangu, lakini fanya.

Unanisikia? Fanya.

Samahani kwa mwandiko. Hii ni karatasi ya nne, tatu nimezichana.

Mjomba wako


Kituoni, 22 Machi

Shikamoo mjomba,

Naandika haraka, boti inapiga honi. Shuka imefika, nzuri, mwambie mama nimeitandika siku hiyo hiyo. Paka ameilalia siku hiyo hiyo vilevile. Mvua zimeanza.

Nimempa Mzee Tone maagizo yako. Unamjua mtu mwenyewe, kazi akipewa haifanyi nusu. Alipoona boya la kushoto lina utando wa mafuta akaenda kuchukua sabuni ya unga na brashi, akalisugua mpaka linameta. La kulia hafiki, liko upande wa maji, na kuigeuza ndege pale gatini kunahitaji watu wanne. Kwa hiyo tuna boya moja bibi harusi na jingine mpishi.

Karatasi ya pili

Hakuna kipya. Mguu wa kulia unaniuma, toka pajani mpaka kisiginoni, nadhani ni viatu. Mama asijue, ataniletea dawa za kuchua za mtaa mzima.

Mpwa wako


Kituoni, 4 Aprili

Mjomba,

Shikamoo. Niko hai. Barua hii usimsomee mama, hata karatasi ya kwanza. Naandika kwa shida, lakini nisipoiandika leo nitajifunza kudanganya.

Juzi saa nne asubuhi waliita toka kijiji cha ng'ambo, mwalimu wa shule, kidole tumbo. Nilikwenda, nikamchukua, nikampitishia hapa kituoni tuongeze mafuta na muuguzi aandae sindano. Mwalimu alikuwa amefungwa kwenye machela, ameuma taulo. Muuguzi alikaa kwenye kiti cha kando yangu, amegeuka kumtazama.

"Twende basi," akaniambia. "Huyu hana siku nzima."

Nikasukuma injini. Nilihesabu mpaka kumi na nne, maji yakaanza kuwa mepesi, pua ikashuka vizuri. Nilikuwa nimekanyaga kanyagio la usukani la kulia tangu mwanzo, kama kawaida yangu. Kwenye kumi na nane, mjomba, ilikuwa kama mtu chini ya maji ameushika mguu wa kushoto wa ndege akasema hamwendi. Pua ikakimbilia kushoto. Nikakanyaga kulia mpaka kanyagio likagota. Halikuwa na pa kwenda tena. Mwamba ulikuwa unakuja kwa ubavu, dirishani kwa muuguzi, si mbele yangu.

"Unafanya nini?" akasema. Hakupiga kelele. Aliuliza tu.

Nikazima injini. Ndege ikazunguka kama pia, bawa la kulia likachota maji, kitu kikalia kama mlango unaovunjwa. Kisha kimya. Maji yanaingia viatuni. Mwalimu anaita jina la mkewe.

Muuguzi amevunjika mtulinga, ule mfupa wa bega. Mwalimu tulimtoa kwa mtumbwi wa Mzee Tone, ndiye aliyefika kwanza, amekuja na kofia kichwani na machozi yanamtoka. Boti ilichukua saa sita kumfikisha hospitali. Kidole tumbo kilipasuka njiani. Wamempasua. Wanasema tungoje.

Sasa nikwambie nilichokuficha. Hakuna rubani mwenzangu. Aliyekuuliza lile swali ni mimi. Ndege ilianza kuvuta kushoto wiki ya pili tu baada ya kuvishwa ngozi, kidogo, nikawa naizuia kwa mguu. Ikazidi, nami nikazidisha mguu. Ndiyo maana uliuma. Nilisema viatu. Sikuandika kwenye daftari la ndege hata mara moja, maana nikiandika wangeibandua ngozi yako, na ungeitwa ujieleze mbele ya watu waliokuwa wakikuita Bwana Magugu. Na ukweli mwingine ni kwamba nilizipenda zile ishirini na sita. Nilijiona hodari.

Labda ni mimi. Labda mguu wangu ulichelewa. Wakaguzi wanakuja keshokutwa na sijui nitawaambia nini. Wewe unaijua ngozi yako. Niambie, mjomba. Ni mimi?


Karakana, 5 Aprili

Mwanangu,

Sijui kama una mikono ya kuishika karatasi hii.

Barua yako ya tarehe ishirini na mbili imeingia leo mchana. Nilianza kumsomea mama yako. Nilipofika kwenye sabuni nikanyamaza. Akasema, "Endelea basi." Nikamwambia miwani imeingia vumbi, nikatoka nje nikasoma karatasi ya pili nimesimama uani. Mguu wa kulia. Nikakimbia. Miaka sitini na moja, nimekimbia mpaka chumba cha redio, na lile koti jipya mwilini.

Nikamwambia opereta, "Niitie kituo, mwambie rubani asiruke."

Akanitazama. "Ndege ipi, ile ya wagonjwa? Mbona ilipinduka majuzi."

Sikumbuki nilikaa chini vipi. Alijaribu kuwaita, mvua ikamla sauti. Alipata neno moja tu, akanirudia mara mbili: wako hai. Hai vipi, hakujua. Mzima, nusu, sijui. Nakuandikia hivyo hivyo, na ukinijibu au usiponijibu, haya ni yangu na lazima uyajue.

Mwezi wa pili, siku chache baada ya barua yangu ya kwanza, pampu ya bwawa ilivuja mafuta. Asubuhi nikakuta boya la majaribio halina tena ile fedha. Hewa imeondoka. Vinywele vimelowa, vimelala vimeshikana kama nywele za mtu aliyenyeshewa. Nikalivuta. Lilikuwa zito kuliko boya lisilo na ngozi kabisa, kwa sababu vinywele vikishalowa vinayashika maji badala ya kuyakwepa. Nikajaribu mafuta matone matatu tu kwenye maji masafi: ile ile. Nikajaribu sabuni: mbaya zaidi, hewa iliondoka papo hapo.

Nilimpelekea Mkurugenzi karatasi za vipimo. Akasema, "Mafuta hayakuwa kwenye orodha yetu ya majaribio. Wageni wakishapita tutaliangalia." Nami nikasema sawa. Sikugombana naye, sikusita hata. Nilisema sawa, nikazikunja karatasi, nikazitia mfuko wa ndani.

Kisha ikaja barua yako na Mzee Tone na rangi za upinde wa mvua, upande wa kushoto. Nikaelewa hapo hapo. Boya moja linaoga mafuta, jingine safi. Na rubani mwenzako sikumwamini, nakujua tangu unatambaa. Nilichotakiwa kuandika ni neno moja, usiruke. Niliandika mara tatu, mara tatu nikachana, maana kila nilipoliandika niliona ngozi ikibanduliwa na miaka minne ikitupwa jalalani. Nikaandika urembo. Nikamtuma mzee wa watu akasuuze bila kumwambia sababu. Angejua sababu asingeshika sabuni. Aliyelisugua boya lile ni yeye, lakini mkono ulikuwa wangu.

Si wewe. Kama umeanza kujiuliza, acha. Si mguu wako.

Mjomba


Kituoni, 21 Aprili

Mjomba,

Barua zetu zilipishana, sasa utakuwa umesoma yangu kama nilivyosoma yako. Nimeisoma mara tatu. Ya kwanza nililia. Ya pili nilitaka kuitupa majini. Ya tatu nilimsomea muuguzi, maana mtulinga ni wake, si wangu.

Alisikiliza mkono ukiwa umening'inia kwenye kitambaa. Mwishoni akasema, "Kwa hiyo yeye alijua mafuta, wewe ulijua inavuta. Mngeandikiana ukweli mara moja tu." Kisha akanigeuzia mgongo, na wiki hii nzima tunazungumza mambo ya kazi peke yake.

Nimekukasirikia, sitakuficha. Uliandika "fanya" kana kwamba mimi ni mtoto wa kutumwa maji. Lakini nikifika katikati ya hasira nakumbuka daftari la ndege, kurasa saba nilizoandika kwa mkono wangu "safari ya kawaida", nami nakosa pa kuishikia.

Wakaguzi wamekuja. Niliwaambia yote ya kwangu. Mkubwa wao, mama mmoja mkimya, aliuliza, "Mjomba wako atayasema ya kwake?" Nikamwambia sijui. Nisingependa kumwambia sijui, mjomba.

Mzee Tone tumemweleza. Hakulaumu mtu. Ameiweka ile brashi juu ya dari la stoo, na sasa akiona sabuni hata ya kufulia anaondoka.

Mwalimu yuko hai, homa imeshuka. Bawa linatengenezwa. Mimi nikisikia injini ya boti tu, mguu wa kulia unakanyaga wenyewe sakafuni. Ninakaa juu yake ili watu wasione.


Karakana, 9 Mei

Mwanangu,

Nimeyasema. Mama yule mkimya alikuja na wenzake wawili, nikazitoa zile karatasi kwenye mfuko wa ndani, zimekunjika mpaka maandishi yanafifia. Mkurugenzi alikuwa mezani. Alisema mimi ni mzee, pengine nilisahau kumwonyesha. Lakini sahihi yake ilikuwa pale pembeni, na tarehe. Wageni wamerudi kwao bila ngozi. Mkurugenzi amesimamishwa. Mimi si fundi mkuu tena, niko chini ya binti mmoja mwenye akili kali, kila kipimo changu anakirudia mbele yangu. Mwanzoni iliniuma. Sasa silali mpaka amekirudia.

Mama yako nimemsomea yote. Karatasi za pili zote, na hii habari ya bawa na mwamba. Alizima cherehani. Akauliza, "Zote hizi ulikuwa unaziruka?" Nikasema ndiyo. Hakunisemesha siku tatu, siku ya nne akaniambia chakula kiko mezani. Ameanza kwenda kwa jirani kusomewa barua. Hii nayo atasomewa huko, kwa hiyo nachunga lugha.

Ngozi ya vinywele imebanduliwa. Nakutumia nyingine, tumeifanya pamoja na huyu binti. Haina hewa, haina vinywele. Ina mifereji midogo kama ile inayopita juu ya magamba ya samaki aendaye mbio, inayapanga maji yasisokotane. Tumeimwagia mafuta, sabuni, tope, mchuzi. Haibadiliki. Lakini haitoi robo. Inatoa kidogo sana, hata kukwambia naona haya. Na kuna jambo bado hatujui: mwani ukiota ndani ya mifereji itakuwaje. Hatujui. Naliandika hapa kwenye karatasi ya kwanza.

Sikuombi uijaribu. Mpe rubani mwingine, au itundike ukutani.

Mjomba wako


Kituoni, 2 Juni

Mjomba, naanza na baya, salamu zitafuata.

Jumatatu niliipeleka ndege majini ikiwa tupu, imevaa ngozi yenu mpya, peke yangu, wakaguzi wako gatini. Nilifika kumi, pua ikacheza kidogo tu, pengine upepo, nami nikazima injini. Nikarudi. Yule mama akauliza, "Ilivuta?" Nikasema, "Hapana. Nimeogopa." Akaandika vile vile kwenye daftari lake. Jumanne nikaenda tena, nikafika ishirini, nikazima tena. Jasho lilikuwa limelowesha mpaka mkanda wa kiti. Akaandika tena. Jumatano mvua. Alhamisi niliruka.

Haikuvuta. Kwa karatasi ya vipimo uliyoituma pamoja na ngozi ilitakiwa kunichukua thelathini na tano, ilinichukua thelathini na sita. Niliizungusha ghuba mara moja nikatua, nikakaa humo ndani nimeshika usukani hadi Mzee Tone alipokuja kugonga dirisha. Nimeyatazama maboya yote mawili kwa macho yangu. Kuna kipande cha ngozi upande wa kulia, nyuma, kimeanza kuinuka pembeni, upana wa kucha. Nimekiandika kwenye daftari na nakuandikia wewe. Mwambie binti.

Sasa salamu. Shikamoo. Mwambie jirani amsomee mama kwamba goti alifanyie mazoezi. Mwalimu amerudi darasani, amekonda, wanafunzi wake wamefurahi mno, nadhani kwa sababu hana nguvu za kupiga kelele.

Jana asubuhi muuguzi alikuja gatini. Kitambaa ameshakiacha, nywele zimeanza kurudi. Akaitazama ndege, akanitazama mimi.

"Kuna kitu hujaniambia?" akauliza.

Nikamwambia. Nikamwambia Jumatatu na Jumanne. Nikamwonyesha ile pembe iliyoinuka, akaigusa kwa kidole. Nikamwambia habari ya mwani, kwamba wewe hujui na mimi sijui. Nikamwambia mguu wangu bado unatetemeka, na kwamba kwenye hesabu ya kumi na nane nilifumba macho, sekunde moja, na sitakiwi kufumba.

Akalipapasa bega lake.

"Leo sipandi," akasema. "Niulize tena Jumatatu."

Nikamwambia sawa. Akanishikia kamba nikafunga ndege, tukarudi juu pamoja. Jumatatu nitamuuliza.

Mpwa wako